Hakuna Ng'ombe Mgonjwa: Utampimaje Dogo wa Fildi?

Leo naomba nijibu swali ambalo nimeulizwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote na vijana walioanza kufuga ng'ombe wa maziwa kibiashara. Linakuja hivi: "Bwana mifugo, kuna dogo kamaliza stashahada ya afya ya mifugo anaomba kazi kwangu. Cheti anacho. Lakini ng'ombe wangu wote wazima. Nitajuaje kama anaweza kazi, au nisubiri ng'ombe augue ndiyo nimwone?"

Usisubiri. Ila swali lenyewe si dogo, na wala si lako peke yako. Linawasumbua walimu wao vyuoni na linanisumbua mimi ninayewapokea wakija fildi, kwa sababu mwisho wa mazoezi saini inayowekwa kwenye logibuku zao ni yangu.

Nieleze kwanza utaratibu ulivyo. Vyuo vyetu vya mifugo, vile vya LITA na vingine, vinafundisha kwa mfumo wa umahiri. Maana yake mwanafunzi hapimwi kwa karatasi tu. Anatumwa shambani na orodha ya kazi: kupima joto, kuchoma sindano, kuweka dripu, kusaidia uzazi mgumu, kutibu ugonjwa wa kiwele, na kuendelea. Msimamizi anatakiwa amwone akifanya, kisha atie saini.

Sasa ng'ombe hawaugui kwa ratiba ya chuo. Homa ya maziwa, kwa mfano, humpata zaidi ng'ombe mwenye maziwa mengi ambaye ameshazaa mara tatu na kuendelea, na mara nyingi ni ndani ya siku tatu baada ya kuzaa. Shamba lenye ng'ombe kumi na mbili linaweza kumaliza mwaka mzima bila kuiona. Uzazi mgumu unapenda kuja saa nane usiku wakati dogo amelala kwenye chumba chake cha kupanga huko senta. Ndigana kali nayo, ukiogesha kwa wakati na kuchanja, huioni kabisa. Yaani shamba linalotunzwa vizuri ndilo shamba baya la kujifunzia tiba. Na hata kesi ikitokea, mwenye ng'ombe hataki mwanafunzi amguse. Simlaumu. Ng'ombe wa mamilioni huwezi kumfanya daftari la mazoezi.

Basi siku ya mwisho ya fildi inafika, kurasa nusu ziko wazi, dogo anasimama mbele yako na kofia mkononi: "Shikamoo mzee, naomba unisainie, chuo kinafunga Ijumaa." Unamuuliza maswali mawili matatu kwa mdomo, anajibu vizuri, unatia tiki.

Mimi nilishatia tiki ya namna hiyo. Kijana alikuwa mzuri, mwenye adabu, na homa ya maziwa aliieleza kuliko hata mimi: ng'ombe amelala, shingo imepinda kama herufi S, masikio ya baridi, joto halijapanda, kalsiamu kwenye mshipa taratibu. Nikasaini. Mwaka uliofuata akaajiriwa na mfugaji kijana kama wewe. Usiku mmoja ng'ombe wao bora akaanguka, siku ya pili baada ya kuzaa. Dogo akatambua ugonjwa sawasawa, akapata mshipa, akaunganisha chupa ya mililita 400. Mwenye shamba alikuwa anamulika na simu. Aliniambia baadaye kwamba chupa ilishikwa juu ya kichwa, mkono umenyooka, na ikaisha "dakika tatu nne hivi". Ng'ombe akatetemeka, akanyoosha miguu, akafa pale pale na mrija ukiwa shingoni.

Siwezi kuapa kwamba ni kasi iliyomuua, hakuna aliyempasua kuangalia. Lakini kalsiamu ikiingia haraka inasimamisha moyo, hilo linajulikana, na chupa ile haitakiwi kuisha chini ya dakika 10. Mimi hupenda ifike 15. Dogo alilijua neno "taratibu". Hakuwahi kulishika mkononi. Na mimi ndiye nilisema anaweza.

Herufi nne badala ya tiki

Tangu hapo nimeacha tiki. Kila kazi kwenye logibuku naandika herufi moja kati ya nne. A ni ameona, yaani alisimama pembeni mwingine akifanya. S ni amesaidia. K ni amefanya mwenyewe kwa kielelezo au kwa mnyama mzima. M ni amefanya mwenyewe kwa mnyama mgonjwa mimi nikiwepo. Basi. Akija kwako kuomba kazi ukaona K kwenye dripu ya kalsiamu, unajua ana mikono lakini hajakutana na ng'ombe anayekufa. Ukiona A, unajua ana macho tu. Kama logibuku yake ina tiki tupu, muulize mwenyewe kazi moja moja: uliona, ulisaidia, au ulifanya? Wengi wao ni wakweli ukiuliza hivyo. Swali la "unaweza?" ndilo linalowafanya waseme ndiyo.

Wazo la kupima watu bila kusubiri mgonjwa si langu wala si la jana. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskochi, walieleza mtihani wa vituo kwa wanafunzi wa udaktari wa binadamu: mwanafunzi anazunguka kutoka meza hadi meza, kila meza ina kazi moja, dakika chache, na msahihishaji mwenye karatasi ya hatua za kuhesabu. Uingereza mtihani huo umetumika hata kwa wauguzi wa wanyama. Huko huko daktari Sarah Baillie alitengeneza ng'ombe wa kompyuta, mwanafunzi anaingiza mkono kwenye kifaa na anahisi kama anapapasa kizazi. Sisi kompyuta hiyo hatuna, ila tuna pipa, magunia, mabaki ya mipira ya dripu na bucha.

Dripu kwenye ubao

Naanza na kalsiamu kwa sababu ndiyo iliyonichoma. Ukiigawanya kazi ile vipande vipande utagundua karibu vyote vinapimika kwa ng'ombe mzima, isipokuwa kimoja.

Kumshika na kumfunga kichwa pembeni: ng'ombe mzima anatosha. Kuutafuta mshipa wa shingoni: mwambie dogo abane kwa kidole gumba chini kwenye mfereji wa shingo, mshipa ujae, kisha auachie na akuonyeshe unavyotoweka. Hakuna sindano hapo, ng'ombe hadhuriki. Kusikiliza moyo kwa stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto: ahesabu dakika nzima, na wewe au mimi tuhesabu pamoja naye. Ng'ombe mkubwa aliyetulia yuko kati ya 60 na 80. Kama yeye kapata 72 na mimi 70, sawa. Kama kapata 110, alikuwa anahesabu woga wake.

Kipande kilichobaki, sindano na kasi, nakihamishia kwenye ubao. Chukua kipande cha ubao, weka mpira wa dripu uliotumika, uufunike na sponji nyembamba na kipande cha ngozi au turubai. Mwisho mmoja wa mpira uingie kwenye ndoo tupu, mwisho wa juu uunganishwe na chupa ya maji yenye rangi nyekundu. Dogo anachoma, maji mekundu yakirudi anajua kaingia. Anaunganisha chupa ya mililita 400 ya maji ya kawaida, naye anaanza. Mimi nashika saa.

Hapa ndipo unapomwona mtu. Je, aliipasha chupa joto kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu? Je, alitoa hewa kwenye mrija? Je, anajua kwamba ukiinua chupa mbio zinaongezeka na ukiishusha zinapungua? Katikati ya kazi, bila kumwonya, nasema: "Moyo umeanza kurukaruka." Siangalii mdomo wake, naangalia mkono wake. Anayeanza kunieleza kitabu kinasemaje, chupa bado iko juu, huyo hajaiva. Anayebana mrija kwanza ndipo aongee, huyo nampa K kwa moyo mweupe. Narudia mara tatu kwa siku tofauti, maana mara moja inaweza kuwa bahati.

Gharama yote ya ubao huo haifiki hata bei ya chupa moja ya dawa. Tengeneza wako.

Ndama wa gunia

Uzazi mgumu ni pipa. Pipa la plastiki la lita 200 lililolazwa, tundu limekatwa upande mmoja, na mpira wa ndani wa gari umefungwa mdomoni ili mkono uingie kwa kubanwa kidogo. Ndani naweka ndama wa gunia aliyejazwa pumba za mpunga. Miguu yake naipata bucha: namwomba muuza nyama aniachie kongoro pamoja na goti lake au kifundo chake cha juu, asikate chini kama anavyozoea kwa wateja wa supu. Nazishona kwenye gunia. Zikianza kunuka nazitupa. Hili la bucha wanafunzi hulicheka sana mpaka mkono uingie ndani na macho yafungwe kwa kitambaa.

Swali la kwanza ni moja tu: umeshika mguu wa mbele au wa nyuma? Wa mbele, kiungo cha chini na goti vinakunja upande mmoja. Wa nyuma, kiungo cha chini na kile cha juu yake vinakunja pande tofauti. Ni jambo la dakika moja, lakini usiku, mikono ikiwa na utelezi na ng'ombe anasukuma, ndilo linaloamua kama utavuta au utatafuta kichwa kwanza. Nimewahi kuona mtu mzima anavuta miguu miwili ya ndama wawili tofauti. Mapacha.

Swali la pili, nageuza kichwa cha ndama nyuma. Nataka nione kama atakumbuka kumsukuma ndama ndani kwanza kabla ya kukirekebisha kichwa. Asiyesukuma atahangaika hadi jasho limtoke, pipa litamfundisha lenyewe. Swali la tatu ni kamba: inafungwa juu ya kiungo cha chini, halafu kitanzi cha pili chini yake, ili nguvu isikae mahali pamoja ikavunja mguu. Na swali la mwisho halihitaji mikono: ni lini unaacha na kumpigia simu daktari? Dogo asiye na jibu hapa, hata kama mikono yake ni dhahabu, usimwachie mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza.

Tahadhari moja. Kuna watu hutumia ndama aliyetupwa kama kielelezo. Usifanye hivyo kabisa. Mimba iliyotoka inaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosi, na ugonjwa huo unaingia kwa binadamu. Pumba za mpunga hazimwambukizi mtu.

Chupa tatu tupu

Kituo hiki ndicho ninachokipenda, maana hakihitaji mnyama wala pipa na ndicho kinachowaangusha wengi. Naweka mezani chupa tatu tupu za oksitetrasaiklini: ya asilimia 5, ya asilimia 10, na ile ya muda mrefu ya asilimia 20. Namwambia ng'ombe ana kilo 300, soma lebo, nipe mililita.

Lebo za mbili za kwanza zikisema miligramu 10 kwa kila kilo, ng'ombe huyo anahitaji miligramu 3,000. Chupa ya asilimia 5 ina miligramu 50 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 60. Ya asilimia 10 ni mililita 30. Ile ya muda mrefu, lebo ikisema miligramu 20 kwa kilo, ni miligramu 6,000 kwa chupa yenye 200 kwa mililita, tunarudi kwenye 30. Sasa vijana wengi wamekariri "mililita moja kwa kila kilo kumi". Kanuni hiyo inapatia chupa mbili na kukosea moja: ya asilimia 5 atampa nusu dozi. Ng'ombe hatapona, wewe utalaumu dawa, na vijidudu vitazoea.

Kisha namuuliza vitu viwili. Mililita hizo utazichoma sehemu moja? (Hapana, azigawe, na aniambie sehemu ngapi.) Na maziwa je? Kama hakufungua mdomo kuhusu siku za kutouza maziwa zilizoandikwa kwenye lebo, hiyo ni hasara yako inayokungoja, siku wanunuzi watakapopima tanki.

Kuna kesi, hamjaitafuta

Mara nyingine tunasema hakuna wagonjwa kwa sababu hakuna aliyeangalia. Mwaka jana nilikwenda shamba moja na wanafunzi wawili. Mwenye shamba akatuambia pole, wote wazima. Nikasema sawa, tupimeni maziwa. Kile kibao chenye vikombe vinne: unamwaga mikamuo ya kwanza, unakamua kila chuchu kwenye kikombe chake, unaongeza dawa kwa kiasi sawa na maziwa, unazungusha. Kati ya ng'ombe tisa tulipata wawili wenye chuchu ambayo maziwa yake yaligeuka ute mzito kama uji. Kiwele hakijavimba, maziwa kwa macho ni meupe. Wanafunzi wakapata kesi yao na mwenye shamba akajua lita zake zinakopotelea.

Tezi nazo hivyo hivyo. Huna ndigana kali, vizuri, lakini mwambie dogo akutafutie tezi ya mbele ya bega na ile ya chini ya sikio kwa ng'ombe mzima. Asiyeijua ikiwa ndogo hataijua ikianza kuvimba. Ile ya sikio mara nyingi ndiyo ya kwanza, kwa kuwa kupe wa kahawia anayeleta ndigana anapenda kukaa sikioni. Joto lipimwe kwa ng'ombe watatu ambao wewe umeshawapima: mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi, na tofauti kati yako na yeye isizidi 0.2. Akizidisha, pengine kipimajoto chake kiliingia kwenye kinyesi badala ya kugusa ukuta. Ngumi kwenye ubavu wa kushoto, ahesabu tumbo kubwa linavyosukuma, mara moja au mbili kwa dakika.

Video pia zinasaidia. Kwenye simu yangu nina za kesi za miaka kadhaa, nimezipiga kwa ruhusa ya wenyewe. Naionyesha sekunde ishirini, nazima, nauliza: nini kwanza? Zinapima macho na akili tu, na herufi yake haizidi A.

Usichomwe moyo ukafanya haya

Usimruhusu mtu kumchoma ng'ombe mzima dawa ili "aonekane anaweza". Nimeshuhudia. Mwanafunzi alichoma antibayotiki ng'ombe mzima mbele ya msahihishaji, na maziwa ya siku kadhaa yakamwagwa bila ugonjwa wowote. Usimruhusu kuingiza mrija tumboni kwa ng'ombe mzima bila daktari kuwepo. Ukikosea njia ukaenda mapafuni, umeua. Na mnyama mmoja asigeuzwe mto wa sindano kwa sababu tu ni mpole. Kwa kuchoma sindano ya nyama, chungwa au paja la kuku lenye ngozi linatosha kuonyesha kama mkono umetulia.

Sheria nayo ipo. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, anayetoa huduma hizi anatakiwa kutambuliwa na Baraza la Veterinari. Mwanafunzi anafanya chini ya msimamizi, si peke yake. Ukiajiri, ulizia usajili wake kabla ya kuuliza mshahara.

Pia niwe mkweli: pipa halipigi teke. Ubao haulali kwenye matope saa tisa usiku na mwenye shamba halii pembeni. Mwenye K zote bado anaweza kuganda siku ya kwanza. Ndiyo maana nawashauri wanaoajiri wakubaliane hivi kwa miezi mitatu ya mwanzo: kazi yoyote yenye K, dogo anaifanya, lakini anapiga simu kwanza na daktari au mimi tunakaa kwenye laini mpaka amalize. Yenye A au S, haigusi hadi mtu afike.

Na kesi ikitokea kwako, usimkumbuke daktari pekee. Mpigie na mwanafunzi wa karibu, hata kama fildi yake imeisha. Kijana wa ile kalsiamu ndiye wa kwanza kuniomba hilo. Aliacha kazi kwa muda, akarudi, akafanya ubao wangu mpaka mpira ukachakaa. Mwezi wa nne mfugaji mmoja alinipigia saa kumi na moja alfajiri, ng'ombe kaanguka baada ya kuzaa, nikampitia kijana kwa pikipiki. Alishusha chupa usawa wa bega, mkono mmoja kwenye mrija, stetoskopu masikioni. Dakika kumi na saba. Ng'ombe alicheua, akanya, akainuka kabla jua halijatoka vizuri. Kalamu ilikuwa imebaki ofisini, M yake nilimwandikia siku iliyofuata.